Mstari wa 214

Madodoso yameshuka leo kutoka Llallagua
ndani ya gunia la mchele, juu ya paa la basi,
mia tatu na kumi na mawili, kona zimelowa theluji.
Nimeyaanika juu ya hita kama soksi.
Don Eleuterio kachungulia mlangoni:
"Nilda, yasafishe kabla ya Ijumaa."

Kusafisha. Ndilo neno letu.
Mama yangu naye alisafisha, ovaroli za wachimba bati,
karai kwa karai, kwa maji yaliyomng'ata vidole
hadi akashindwa kushika sindano.
Mimi nasafisha kwa kidole kimoja,
chai ya koka ikipoa pembeni.

Umri, miaka 140.
Ni arobaini au kumi na nne?
Naomba iwe arobaini. Nafunua karatasi.
Ni kumi na nne, na ana mimba ya miezi saba.

Mwanamume kajifungua mara mbili: karani kateleza.
Njia ya kupanga uzazi: "Kalenda,
na mume kuwa zamu ya usiku mgodini."
Nacheka peke yangu. Jibu hilo halina namba,
naliandikia 96, mengineyo.
98 ni kutojua. 99 ni kukataa kujibu.
Hakuna namba ya kunyamaza kidogo, kisha kujibu.

Halafu 214.

Mimba: tano.
Waliozaliwa hai: wanne.
Zilizoharibika, sifuri. Zilizotolewa, sifuri.
Waliozaliwa wafu, sifuri.
Kompyuta inakipaka kisanduku rangi nyekundu.
Hesabu ya darasa la kwanza:
tano toa nne, haibaki sifuri.

"Weka nne, twende," anasema Don Eleuterio.
Si mtu mbaya. La Paz wanasubiri jedwali,
na wastani hauna subira.

Nayatafuta maandishi yenyewe.
Ukingoni, kwa penseli iliyokaribia kwisha,
mwandiko wa Yesica, karani wetu mdogo kuliko wote:
*Kaniomba nifunge mlango.
Kasema tano. Kasema nisiulize zaidi.
Mama mkwe alikuwa nje, anamenya viazi.*

Simjui, wala sitakiwi kumjua.
Jina lake lilikatwa kwa mkasi kabla halijanifikia,
limo kabatini, chini ya kufuli mbili.
Kwangu yeye ni miaka thelathini na mmoja,
shule ya msingi, bomba la uani, 214.
Lakini tano aliitamka.
Angesema nne tu, hesabu ingelingana,
kompyuta ingempitisha kimya,
nami nisingejua kama alipita.

Doa likigoma mara ya tatu,
mama alikuwa akiinua nguo juani, akaikazia macho.
"Hili si doa," angesema.
"Hii ndiyo rangi ya kitambaa."

Nimeiacha tano.
Nimefungua namba mpya, 97: *alihesabu, hakutaja.*
Kwenye daftari la masahihisho nimeandika
tarehe, saa, herufi za jina langu,
na maneno haya: *Mstari wa 214 haukusahihishwa. Si kosa.*

Don Eleuterio kasoma, kavua miwani,
kaifuta kwa ncha ya sweta, kaivaa tena.
Nilidhani atanigombeza.
"Wako wangapi wa namna hii?"

Sikuwa nimeuliza.
Nikaandika swali katika lugha ya mashine,
mistari mitatu, nukta, bonyeza.
Nje upepo ulikuwa unavuta mabati ya jirani.

Kumi na saba.

Wanawake kumi na saba, vijiji vinane,
makarani wanne tofauti,
na kila mmoja wao amebakiza moja isiyo na mahali pa kukaa.
Tumekaa kimya, yeye na mimi,
kama watu waliosikia mlango ukifungwa taratibu.
Kisha kavuta kiti. "Tuanze upya," kasema,
na Ijumaa ikaondoka bila kuagwa.

Kesho Yesica anapanda tena basi la Llallagua.
Ndani ya gunia tupu nimemtilia
madodoso mapya, yenye ukingo mpana zaidi,
na penseli mbili, nimezichonga mwenyewe.